Mgongano wa maslahi ni nini? Kiongozi, biashara na mali ya umma

Tuseme halmashauri inatafuta eneo la kujenga soko jipya la mazao Kibaigwa, wilayani Kongwa. Diwani mmoja ana shamba kwenye eneo linalopendekezwa, na mwenye shamba atalipwa fidia. Anakaa kikaoni, anachangia hoja na kupiga kura bila kusema lolote.

Huo ndio mgongano wa maslahi: maslahi binafsi ya kiongozi yanaingia kwenye uamuzi wa umma. Si lazima awe ameiba. Hata fidia ikiwa ya haki, wananchi hawawezi kujua alipiga kura kwa faida ya nani.

Tofauti na rushwa

Kwenye rushwa kuna anayetoa na anayepokea. Mgongano wa maslahi unaweza kuwepo kabla hata senti moja haijatolewa. Dawa yake ni kutamka maslahi mapema na kujitoa kwenye uamuzi.

Sheria inasemaje?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Ikafuata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Biashara ikaruhusiwa, lakini viongozi, madiwani wakiwemo, wanatakiwa kutoa tamko la mali na madeni wanaposhika madaraka, kila mwisho wa mwaka na wanapoondoka.

Kisa cha Escrow

Novemba 2014, Bunge mjini Dodoma lilijadili fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Waziri wa Ardhi wakati huo, Profesa Anna Tibaijuka, alikuwa amepokea Sh bilioni 1.6 kutoka kwa aliyekuwa mwanahisa wa IPTL. Alieleza kuwa ni mchango kwa ajili ya shule. Desemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wake. Swali lililobaki kwa wengi ni hili: je, kiongozi anaweza kupokea mchango mkubwa namna hiyo na bado akawa huru?

Mwananchi afanye nini?

Malalamiko hupelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye ofisi pia hapa Dodoma. Na kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, tunaweza kuuliza mapema: nani kati ya wanaoamua ana chake humo? Wahenga walishasema, mshika mawili moja humponyoka.