Kanuni ya Mia na Umri

Wazee wengi wa zama zilizopita waliambiwa na matabibu wao kwamba shinikizo la damu la mtu hupaswa kuwa mia moja ukijumlisha na umri wake, hata mwenye miaka 70 alipopimwa akakutwa na 170, aliagwa kwa bashasha arudi nyumbani, kwani hiyo, walisema, ni ada ya uzee kama zilivyo mvi.

Kanuni hiyo isingezaliwa kabla ya kupatikana njia ya kupima bila kumwaga damu. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alieleza kitabuni jinsi alivyomfunga farasi jike, akaunganisha mrija wa kioo na mshipa wake, na damu ikapanda humo zaidi ya futi 8. Binadamu asingepimwa hivyo. Ikabidi kungojea mpaka 1896, Scipione Riva-Rocci wa Italia alipobuni mkanda wa kufunga mkononi pamoja na zebaki, na 1905, Nikolai Korotkov, tabibu mpasuaji wa Kirusi, alipoweka chombo cha kusikilizia penye kiwiko, akazisikia sauti zinazotujulisha hata leo kipimo cha juu na cha chini.

Basi watu wakapimwa kwa wingi, na kwa kuwa huko Ulaya na Marekani shinikizo lilionekana kupanda kadiri umri unavyosogea, matabibu wengi walikata shauri kwamba lililo la kawaida ndilo lililo salama. Hapo ndipo walipokosea. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mwezi Machi 1944, akiwa na miaka 62, alipimwa akakutwa na 186 kwa 108, ilhali umma ukihakikishiwa kwamba siha yake ni njema kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 Aprili mwaka uliofuata damu ilimvujia ubongoni, akafariki.

Na ushahidi wa kuipinga kanuni ile ulikuwa umekwisha kuandikwa, tena kutoka kwetu. Mwaka 1929 tabibu Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini nchini Kenya, alieleza kwamba katika wenyeji elfu moja aliowapima hakuona shinikizo likipanda baada ya makamo, bali lilielekea kushuka. Uchunguzi uliotolewa 1990 juu ya Wajaluo waliohamia Nairobi ulionyesha kwamba muda si muda shinikizo lao liliwazidi waliobaki vijijini, na chumvi katika mkojo wao pia ilizidi. Kumbe umri hubebeshwa lawama ya mambo mengine.

Kwa mtoto, naam, umri una hukumu yake: shinikizo lake huwa chini, hupanda mwili ukikua, na hulinganishwa na la watoto wa rika na kimo chake. Lakini kwa mtu mzima, awe wa miaka 30 au 80, kipimo kinachorudia kufika 140 kwa 90 aghalabu huhesabiwa kuwa ni maradhi. Mwaka 1991 uchunguzi wa Marekani, uliowahusu watu zaidi ya 4,700 waliotimiza miaka 60 na kupita, ulibainisha kwamba dawa ziliwapunguzia kiharusi kwa asilimia 36.

Kwa hiyo, msomaji, umpelekapo mzazi wako kupimwa presha, ukajibiwa kwamba imepanda kwa sababu ya uzee tu, usiondoke; omba kwa adabu apimwe tena, na ikithibitika, atibiwe.