Kidoti Asichokiandika Mtu

Mtengenezaji wa tovuti akitaka orodha yenye vidoti haandiki kidoti hata kimoja. Anaandika <ul>, kila kipengele anakitanguliza kwa <li>, mwisho anafunga kwa </ul>. Kidoti chenyewe huchorwa na kivinjari.

Tagi hizo ni kongwe kuliko wavuti. Mwaka 1969, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa IBM walianza kubuni lugha ya kuwekea nyaraka alama, ambayo baadaye iliitwa GML. Herufi hizo tatu ndizo zinazoanza majina yao ya ukoo, na haikuwa bahati. Walitaka mwandishi aseme tu kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Namna ya kuvichapa ingeamuliwa kwingine. Kwenye tagi za IBM, orodha ilianza kwa :ul. na kila kipengele kwa :li.

GML ikazaa SGML, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986 na kutumika pia CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva. Tim Berners-Lee alipounda wavuti hapo, alichukua tagi ambazo wenzake walikwisha kuzizoea. Waraka wake wa mwanzo wa kueleza tagi za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ulikuwa na <ul>, lakini <ol> ya orodha yenye namba haikuwamo. Badala yake ilikuwamo <dir>, ya majina mafupi yasiyozidi herufi 20 hivi, yapangwe kwa safu. Vivinjari havikujisumbua na safu hizo, na HTML 4 ya mwaka 1997 ikashauri tagi hiyo iachwe.

Wasanifu nao hawakukipenda kidoti cheusi. Wengine walikiacha wakabandika vipicha vyao kando ya kila mstari, kazi ya kuchosha. Desemba 1996 ilitoka CSS ya kwanza, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, kazi ya Håkon Wium Lie na Bert Bos, ikiruhusu kubadili kidoti au kukifuta kabisa kwa list-style: none. Kufuta ndiko kulikoshika: menyu nyingi za tovuti leo ni <ul> iliyonyolewa vidoti.

Ila kwenye Safari ya Apple, ukifuta vidoti, kisomaji cha skrini VoiceOver hakimwambii tena asiyeona kwamba hiyo ni orodha, isipokuwa iwe ndani ya <nav>. Ndiyo maana watengenezaji makini huandika <ul role="list">, yaani wanaiambia orodha kuwa ni orodha.