Balokole na Usafi wa Moyo

Mwaka 1927 Kanisa la Anglikana nchini Uganda lilitimiza miaka 50 tangu wamisionari wake wa kwanza wafike kwa Kabaka Mutesa. Makanisa yalijaa. Ubatizo ulikuwa umegeuka kuwa daraja la maisha: mwenye jina la Kikristo alipata shule, kazi ya ukarani, hata uchifu. Wengi waliokwenda kanisani Jumapili waliweka masuria, walilewa, au walimwendea mganga usiku. Aliyebatizwa aliitwa Mkristo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi serikalini, ndiye aliyeuliza. Septemba 1929 alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na pale mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa mwalimu na mhubiri mkali. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa anajiandaa kuuambia mkutano mkuu wa kanisa lake kwamba kanisa limelala. Neno lake lilikuwa moja: zukuka, yaani amka.

Walioitikia wito huo wa uamsho walipewa jina la Balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda, na mwanzoni lilikuwa jina la dhihaka. Desturi yao kuu ilikuwa kutembea nuruni: mtu kusimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi yake kama ilivyo. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Mume alimwomba mkewe msamaha. Jambo lililoshtua zaidi enzi zile za ukoloni ni Wazungu kuungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, kisha kuketi nao kama ndugu. Hapa ndipo uamsho ulipogusa mfupa, kwa kuwa cheo, joho na elimu ya dini havikumkinga mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo wakubwa wa kanisa waliuogopa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi Balokole waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakisema wazi kwamba wizi na uzinzi vimo hata miongoni mwa watakaokuwa wachungaji. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano hiyo. Hawakutii, na 26 wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda. Wakubwa hao wa kanisa walikuwa na hoja ya kweli, kwamba anayedai kuona moyo wa mwenzake huanza kumhukumu. Hata hivyo, adhabu ilikuwa nzito kupita kosa. Nagenda hakuwahi kupewa upadri, lakini alihubiri katika nchi nyingi.

Kufikia wakati huo uamsho ulikuwa umevuka mipaka. Uliingia Kabete nchini Kenya mwaka 1937, ukafika pia kwa Walutheri wa Bukoba, katika Tanzania ya leo, alikotoka Askofu Josiah Kibira. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali. Baadhi waliuawa.

Mtihani mwingine ulikuja polepole, na ulikuwa mgumu zaidi kuutambua. Waliopinga dini ya sura walianza nao kuwa na sura yao: namna ya kusalimiana, wimbo wa Tukutendereza (tunakusifu) baada ya kila ungamo, mavazi yasiyo na urembo. Mgeni aliyezijua alama hizo angeweza kupita kama ndugu. Katika miaka ya 1960, Yona Mondo aliongoza kundi lililosema uamsho wenyewe umepoa. Lilikemea madeni na mitindo mipya ya mavazi, likajitenga na ndugu ambao halikuwaona kuwa safi. Kwa sehemu Mondo aliona ugonjwa halisi, lakini tiba yake ilikuwa orodha nyingine ya mambo ya nje.

Ndugu wengi hawakumfuata. Vikao vya ushirika vinaendelea hadi leo Uganda, Kenya na Tanzania, na katika vingi mtu bado husimama akaanza na kosa lake mwenyewe.