Nikifa, Nani Atamtunza?

Wapenzi wa riwaya wanamkumbuka Pearl S. Buck kwa The Good Earth ya mwaka 1931, iliyompatia tuzo ya Pulitzer, na kwa Nobel ya mwaka 1938. Ndani ya riwaya hiyo yumo binti wa mkulima Wang Lung, binti ambaye hata jina hakupewa, na akili yake haikukua. Ni rahisi kumpita, ukadhani ni mhusika mdogo tu. Kumbe mwandishi alikuwa na binti kama huyo nyumbani.

Carol alizaliwa China mwaka 1920. Wenzake walipoanza kuongea, yeye bado. Buck alizunguka naye kwa madaktari, China hadi Marekani. Wengine walimpa matumaini, mpaka mmoja akamwambia wazi kwamba mtoto hatapona. Baadaye Buck aliandika kuwa anamshukuru daktari huyo.

Mwaka 1929 alimwacha katika shule ya bweni huko Vineland, New Jersey. Ada ilikuwa mzigo, na kalamu ndiyo iliyokuja kuulipa. Wakati huohuo, hadharani alikaa kimya. Ni mwaka 1950 tu alipoyasema yote, katika kitabu The Child Who Never Grew.

Tatizo la Carol lilikuwa PKU, ugonjwa uliogunduliwa Norway mwaka 1934. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, mwili wake ukashindwa kuvunja sehemu fulani ya protini. Hakuna malezi mabaya hapo, wala laana. Leo mtoto mchanga akipimwa damu mapema na kupewa chakula maalumu, ubongo wake unaokolewa.

Lakini rudi kwenye riwaya. Wang Lung anapozeeka, anampa Pear Blossom sumu amnyweshe binti yule siku yeye atakapokufa, kwa kuwa hamwoni mwingine wa kumtunza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa Buck aliweka uchungu wake wenyewe: nikifa, je?

Yeye alipata jibu kwa mauzo ya vitabu. Alifariki mwaka 1973, na Carol akaendelea kutunzwa Vineland hadi alipofariki mwaka 1992. Mama asiye na riwaya ya kuuza hulala na swali lilelile, halafu tunamwambia apunguze mawazo. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumpokea mtoto, hata kwa saa chache, na uhakika kwamba kesho atakuwepo tena.