Vipuri vya gitaa kongwe: pima kabla ya kuagiza

Gitaa kongwe la umeme lililokaa Mombasa likihamia Kinoo, huenda na kutu ya hewa ya chumvi. Kipuri kikikosekana madukani Nairobi, mwenyewe huagiza ng'ambo, na hapo ndipo vipimo humponza. Kwenye Fender Stratocaster za kale, zilizoanza kuuzwa mwaka 1954, uzi wa kwanza na wa sita huachana kama milimita 56 penye daraja. Madaraja mengi ya kisasa ni 52. Matundu ya funguo za kukazia nyuzi hayafiki milimita 9. Funguo nyingi za leo hutaka 10. Usipanue mti, tundu halirudi. Tafuta chuma cha kipimo cha kale, au mpelekee fundi wa kukereza kile kibovu kiwe mfano. Kibovu hicho usikitupe.