Rangi ya Motokaa na Ushahidi Wake

Msomaji, ukisimama kando ya barabara pale Timau, kati ya Nanyuki na Meru, zitazame rangi za motokaa zipitazo. Usidhani kuwa siku zote zilikuwa nyingi hivyo. Tangu 1914 hadi 1925, Henry Ford wa Marekani aliuza gari lake la Model T kwa rangi moja tu, nyeusi. Mwaka 1924 kampuni ya General Motors ilitoa motokaa za Oakland zilizopakwa rangi mpya ikaukayo upesi. Ndipo uchaguzi ulipopanuka.

Siku hizi fundi aweza kupuliza mpira wa majimaji juu ya rangi ya zamani, tabaka baada ya tabaka. Ukikauka huwa kama ngozi. Mwenye gari akiuchoka, huubambua kwa vidole, na rangi ya kwanza huonekana chini yake, nzima. Lakini tabaka zikiwa nyembamba mno, hukatika vipande vipande.

Hata hivyo, rangi si pambo tu, ni ushahidi. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, ilizilazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano ili zitambulikane. Nayo rangi ya kila gari huandikwa katika hati yake ya usajili. Basi abadilishaye rangi asiwaarifu wenye mamlaka, hata ikiwa ni ngozi ya kubambuliwa kesho, humpotosha polisi amtafutaye dereva aliyemgonga mtoto akakimbia. Livishe gari lako upendavyo, ila useme. Njia ya mwongo ni fupi.