Utakasaji wa barakoa kwa mionzi ya urujuanimno

Ni njia nafuu ya kuua vijidudu kwenye barakoa za kitabibu, hasa aina ya N95, ili zivaliwe tena zinapoadimika. Taa ya zebaki hutoa mionzi ya UV-C yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ambayo huharibu chembe za urithi za virusi. Kipimo kilichopendekezwa mwaka 2020 ni jouli 1 kwa kila sentimita ya mraba, mbele na nyuma. Taa inayofikisha miliwati 2 kwa kila sentimita ya mraba huhitaji dakika 8 na ushei kwa kila upande.

Korona iliingia Kongo Machi 2020, Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 ikiwa bado haijatangazwa kwisha Kivu Kaskazini na Ituri. Mahali kama Kpandroma, huko Ituri, barakoa zinapoadimika, betri ya sola yaweza kuwasha taa ndogo ya namna hii. Kuipima nguvu ndiyo kazi. Kuanika juani si badala yake, maana UV-C ya jua huishia kwenye ozoni. Mkunjo mmoja wenye kivuli huficha virusi, na mikanda hupanguswa kwa dawa. Barakoa yenye damu hutupwa. Taa huwashwa ndani ya sanduku lililofungwa, kwani huunguza macho na ngozi. Barakoa za kitambaa hazihitaji haya yote: hufuliwa kwa maji na sabuni.